Barua Zako Zinakaa Wapi? Dhana Potofu Kuhusu Programu za Imeili na za Kusomea Habari

Mzee mmoja mstaafu kutoka Chamwino aliingia dukani kwetu Makole, amebeba kompyuta mpakato iliyozungushiwa kanga ili vumbi lisiingie. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akanirushia "Mbukwenyi!" kunijaribu. Nilivyoitikia, alicheka. Wengi wetu tuliokuja Dodoma kwa kuifuata serikali bado tunaokoteza Kigogo. Akaketi, akafungua kanga taratibu, akasema: "Mwanangu, barua zangu zimeliwa."

Habari yenyewe ni kwamba bintiye alimnunulia mashine mpya baada ya ile ya zamani kugoma. Fundi akamwekea imeili yake humo, na zikaonekana barua za wiki tatu tu. Miaka sita ya barua, pamoja na zile za kesi ya kiwanja, hakuna.

Nikamuuliza ninachomuuliza kila mteja: barua zako zinakaa wapi? Akanitazama. "Si kwenye intaneti?"

Nitamrudia mzee. Kwanza niyaseme haya ninayoyasikia karibu kila siku, maana mengi yanatokana na swali hilo hilo kukosa jibu.

"Imeili yangu ni Outlook"

Watu huvichanganya vitu vitatu. Chukua mfano wa posta. Namba ya S.L.P. ndiyo anwani. Jengo lenye masanduku ndiyo seva. Programu ni kikapu unachokwenda nacho kuchukulia barua. Ukibadilisha kikapu, namba ya sanduku ni ile ile. Kwa hiyo anwani ya Gmail inasomeka kwenye Thunderbird, kwenye Outlook na kwenye programu ya barua ya iPhone. Na ile programu ya Gmail iliyokuja na simu yako ya Android inabeba pia anwani ya Yahoo au ya ofisini.

Ray Tomlinson alipotuma barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa kutumia alama ya @, ilikuwa mwaka 1971. Microsoft ilikuwa bado haijazaliwa, na Google ingezaliwa miaka 27 baadaye. Lugha ambayo seva hupelekeana barua, SMTP, haina mwenyewe. Kijana wa UDOM akiniuliza, "Kaka, kipi bora, Gmail au Thunderbird?" huwa namjibu kwamba ameniuliza kipi bora, posta au kikapu. Hulinganishwa Thunderbird na Outlook, au anwani ya Gmail na anwani ya Yahoo.

"Nikiifuta programu, barua nazo zimekwenda"

Huenda zimekwenda, huenda zipo. Inategemea programu ilikuwa inaongea na seva kwa POP au kwa IMAP. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapolia.

POP, ambayo toleo lake la tatu ni la mwaka 1988, iliundwa kwa ajili ya watu walioingia mtandaoni kwa kupiga simu: unachota barua, unakata, unasoma ukiwa nje ya mtandao. Desturi yake ya asili ni kuzishusha barua kwenye kompyuta na kuzifuta kwenye seva. IMAP yenyewe huziacha kwenye seva, na kila kifaa kinakuonyesha kilichoko kule. Ukiisoma barua kwenye simu, kwenye kompyuta nako inaonekana imeshasomwa. Wapo wanaodhani IMAP ni mtoto wa juzi, lakini Mark Crispin aliianzisha Stanford mwaka 1986, kwa hiyo inaizidi umri hiyo POP ya tatu.

Kosa la POP nimelifanya kwa mikono yangu. Ofisi moja niliyoifanyia kazi zamani ilikuwa na anwani moja ya wote. Nikaiweka kwa POP kwenye mashine mbili, ya mhasibu na ya katibu muhtasi. Aliyewahi kuwasha asubuhi ndiye aliyepata barua. Ankara zikaangukia kwa katibu, mialiko ya vikao kwa mhasibu, na kila mmoja akaapa kwamba hajaletewa kitu. Walinuniana wiki mbili nzima kabla sijakiona kile kisanduku kidogo cha kuweka tiki, cha kuacha nakala kwenye seva. Kilikuwa kitupu kwenye mashine zote mbili.

IMAP nayo ina mtego wake. Dada mmoja anayeuza mvinyo wa zabibu alifuta mamia ya barua kwenye simu "kupunguza mzigo," akiamini za kwenye kompyuta ziko salama. Zikafutika kote. Bahati yake alikuwa Gmail, ambako kilichofutwa hukaa kwenye takataka siku 30, naye alikuja siku ya kumi na mbili. Watu wakisikia barua ziko kwenye seva hudhani wana akiba. Akiba ni nakala ya pili ambayo haifutiki ya kwanza ikifutwa.

Mwenye simu na kompyuta namwekea IMAP bila kujadiliana. Mwenye mashine moja, na seva aliyopewa ina nafasi ndogo, POP bado inamfaa, mradi tiki ile iwekwe na nakala iende kwenye diski ya nje.

"Programu ya kwenye kompyuta inamaliza bando, bora kivinjari"

Siku ya kwanza ni kweli. Thunderbird, ukiiacha ilivyo, hushusha kila kitu kwenye akaunti ya IMAP, na mtu mwenye gigabaiti tano za barua atalia kabla ya jioni. Kwa hiyo kabla hujaiunganisha na hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya akaunti, uiambie ishushe barua za siku 30 za mwisho tu, na viambatisho vizito ivikwepe.

Baada ya hapo hesabu inageuka. Barua iliyoshuka haishuki tena hata uifungue mara ishirini, wakati kivinjari hupakia ukurasa wenyewe pamoja na vitufe na mapambo yake. Na kuna raha ya kuandika majibu kumi ndani ya treni ya SGR mahali ambapo mtandao umekata, ukabonyeza tuma, zikakaa kwenye kikasha cha kutokea, kisha zikaondoka zenyewe mkikaribia Morogoro.

Hapo hapo kwenye uzito: kiambatisho husafiri kikiwa kimegeuzwa kuwa herufi, na mgeuzo huo humwongezea mtumaji takriban theluthi moja ya ukubwa. Skani ya megabaiti 8 inafika kwenye seva ikiwa zaidi ya 10. Kama kikomo cha seva ya unakopeleka ni 10, inarudishwa, nawe unabaki kumlaumu mwenye steshenari.

"Nimefuta barua elfu mbili, mbona diski bado imejaa?"

Thunderbird huhifadhi kila folda kama faili moja refu. Ukifuta barua, kwanza inawekewa alama tu kwamba imefutwa. Nafasi inarudi pale folda inapobanwa. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua amri ya kubana, utaona gigabaiti zinarudi. Faili za Outlook za hadi toleo la 2002 zilikuwa na balaa kubwa zaidi: zikifika gigabaiti 2 ziligoma au kuharibika. Bado nakutana nazo kwenye kompyuta za maofisini zinazoletwa "kusafishwa."

"Ya kulipia ndiyo salama"

Bei haikuambii kitu. Jambo la kuangalia ni nani mwingine anapata nakala. Outlook mpya ya Windows, ukiiwekea akaunti ya IMAP ya kampuni nyingine, huzipitisha barua zako kwenye wingu la Microsoft na kuziweka nakala huko. Outlook ya zamani ya kwenye Office huongea na seva yako moja kwa moja, na Thunderbird, ambayo ni ya bure, hufanya hivyo hivyo. Sisemi wingu ni baya. Ila ukiendesha zahanati, ofisi ya mawakili au hata saccos ndogo, barua zina majina na shida za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa hata kusafirisha taarifa nje ya nchi. Ujue ziko wapi kabla hujaulizwa.

"Nenosiri ni sahihi, programu ndiyo mbovu"

Hapana. Tangu mwisho wa Mei 2022 akaunti za kawaida za Google zimeacha kupokea nenosiri tupu kutoka kwenye programu za nje. Programu ya sasa hukufungulia dirisha la Google uingilie humo. Ya kizamani inahitaji nenosiri maalumu la programu, ambalo hupewi mpaka uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kubadilisha nenosiri mara tano, kama wafanyavyo wengi, hakusaidii.

"Sikuitwa kwenye usaili"

Hili linaniuma, na katika mji huu uliojaa waombaji kazi nimeliona zaidi ya mara moja. Kijana ameomba kazi, amesubiri, kimya. Tunafungua akaunti yake kwa kivinjari, na barua ya usaili iko kwenye barua taka, tarehe imeshapita. Watu huamini programu waliyoichagua ndiyo inayochuja taka. Sehemu kubwa ya mchujo hufanywa na seva kabla programu haijaona kitu. Na POP inachota kikasha kikuu tu, folda ya taka haiifikii. Ukitumia POP, barua iliyotupwa kimakosa hutaiona kamwe kwenye kompyuta yako, hata ukiitafuta usiku kucha. Ukisubiri jibu la maana, ingia kwa kivinjari ukaikague folda hiyo kila baada ya siku mbili.

"Programu za kusomea habari zilikufa na Google Reader"

Google Reader, programu ya Google ya kukusanyia habari mpya za tovuti mahali pamoja, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, na kilichokufa ni kikapu kile kimoja. Mlisho wenyewe, RSS, yaani orodha ya habari mpya ambayo tovuti huitoa ili programu iichote, ulianzia kampuni ya Netscape mwaka 1999 na unafanya kazi hadi leo. Podkasti unazosikiliza husambazwa kwa njia hiyo. Tovuti nyingi zilizojengwa kwa WordPress huwa na mlisho hata kama mwenyewe hajui: ongeza /feed mwishoni mwa anwani ya tovuti, uone. BBC Swahili ina wake, na kila chaneli ya YouTube ina wake.

Faida yake kwangu ni mbili. Habari zinakuja kwa mpangilio wa saa, bila mtu wa kukuchagulia ugomvi wa siku. Na zinakuja kama maandishi, kwa hiyo vichwa vya habari 40 vinagharimu bando kidogo kuliko kufungua kurasa chache zenye matangazo.

Ukilinganisha programu hizi, lile swali linarudi. Feedly na Inoreader huweka orodha yako kwenye seva zao, kwa hiyo ulichosoma kwenye simu kinaonekana kimesomwa kwenye kompyuta. Feeder ya Android ni ya bure, haihitaji akaunti, na orodha inakaa kwenye simu. Simu ikiibiwa, orodha nayo imeibiwa, isipokuwa uliitoa mapema kama faili la OPML, ambalo ni nakala ya orodha ya milisho. Thunderbird inasoma milisho ndani ya dirisha lile lile la barua, na kwa mtu anayeshinda mezani nadhani hiyo inatosha, hahitaji programu ya pili.

Wazee wa kompyuta wakisema programu ya habari huenda wanamaanisha kitu kingine kabisa: Usenet, majadiliano yaliyobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Google Groups, huduma ya Google ya majadiliano ambako wengi waliusomea Usenet, iliacha kupokea ujumbe mpya wa huko Februari 2024, na watu wakatangaza matanga. Seva zake bado zipo na Thunderbird bado inazifungua. Ila kama hujui unakwenda kutafuta nini kule, baki na RSS.

Turudi kwa mzee. Zile wiki tatu ndizo zilizonipa jibu. Nilimuuliza mashine ya zamani iligoma lini. Akahesabu kwa vidole: "Wiki ya tatu hii." Basi. Mashine ile ilikuwa inachota kwa POP na kufuta kwenye seva. Ilipozima, barua zikaanza kulundikana kwenye seva, na hizo ndizo mashine mpya ilizozikuta.

Akarudi kesho yake na ile ya zamani, safari hii kwenye mfuko wa rambo. Kilichokufa kilikuwa kioo. Nikaiunganisha na skrini ya dukani, nikaingia kwenye folda iliyofichwa ya AppData, ndani yake Thunderbird, ndani yake Profiles, na barua zote zilikuwa humo. Nikanakili folda nzima kwenye diski ya nje, nikaihamishia kwenye mashine mpya, kisha nikaongeza akaunti yake kwa IMAP, zile za POP zikibaki pembeni kwenye folda zake.

Alitafuta barua ya kesi ya kiwanja kwanza. Alipoipata akasogea nyuma, akavaa miwani, akaisoma yote midomo ikitembea, wakati wateja wawili wa fotokopi wakisubiri nyuma yake. Halafu akaniuliza kama ile diski ya nje anaweza kuikunja kwenye kanga ile ile.