Kujibu "Zote Sawa" Si Kufeli Kipimo cha Macho

Katika vyumba vya kupimia macho, Mbeya hadi Iringa, bado husikika imani ya siku nyingi kwamba mpimaji anapogeuza lenzi ndogo yenye mpini na kuuliza "ya kwanza au ya pili?", anayejibu "zote sawa" amefeli na atapewa miwani isiyomfaa. Sivyo kabisa.

Lenzi hiyo, iliyoenezwa na daktari Edward Jackson wa Marekani, huunganisha silinda mbili (yaani lenzi zinazokunja nuru katika mwelekeo mmoja tu) zenye nguvu sawa lakini zinazopingana, kwa mfano +0.25 na −0.25, mihimili yake, yaani mielekeo zilikolazwa, ikiwa imepishana kwa nyuzi 90. Inapogeuzwa, nguvu hizo hubadilishana nafasi. Mpimaji hurekebisha kwanza mhimili wa silinda ya miwani inayosahihisha astigimatizimu (kasoro ya jicho kukunja nuru kwa nguvu tofauti katika pande tofauti), kisha nguvu ya silinda hiyo, akifuata upande ambao mgonjwa ameuona vizuri zaidi. Anachokitafuta hasa ni pale herufi zinapolingana pande zote mbili, hata zikiwa na ukungu kidogo, kwa kuwa ukungu huo unatoka kwenye lenzi yenyewe ya kupimia.

Inasikitisha, basi, kwamba mgonjwa asiyeona tofauti hujilazimisha kuchagua kwa kumstahi daktari, kwani hapo ndipo mhimili unapopotoshwa; na mhimili ukikosewa kwa nyuzi 30, astigimatizimu inayobaki huwa na ukubwa uleule wa awali, kana kwamba silinda haikuwekwa.