“Mwongezee taa, huyu mweusi”

Jumamosi iliyopita, nikiwa studioni napiga picha, nimeisikia tena. Shangazi wa mwanamitindo alikuwa amekaa nyuma yangu, soda mkononi, akanipigia mluzi wa mdomo: “Kaka, mwongezee taa, si unaona mtoto alivyo mweusi?” Wiki hiyo ilikuwa mara ya nne. Nimechoka kujibu kwa mdomo.

Ngozi nyeusi haidai taa nyingi. Chukua mita ya mkononi, yaani kipimamwanga, iweke kidevuni mwa mtu mweusi ti, kisha mkalishe mwenye maji ya kunde kwenye kiti hichohicho. Kama ilisoma f/8 (namba ya tundu la lenzi) kwa wa kwanza, itasoma f/8 kwa wa pili, kwa sababu inapima mwanga unaofika usoni, na mwanga haujui unamfikia nani. Kinachotofautiana ni kiasi kinachorudi kwenye lenzi. Na mtu mweusi akitoka mweusi pichani, kamera imefanya kazi yake. Ukimimina mwanga hadi “ang'ae”, paji la uso na pua vinaungua, mashavu yanakuwa kama yamepakwa majivu, na shela nyeupe inapoteza nakshi zote. Usiniambie utarekebisha kwenye kompyuta. Palipoungua hapana kitu cha kurudisha.

Sasa kwa nini watu wanaamini hivyo? Mkosaji ni ukuta mweupe. Mita iliyomo ndani ya kamera hudhani kila inachokiona ni kijivu cha wastani, kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Msimamishe mtu mbele ya ukuta mweupe kwa mipangilio ya otomatiki: kamera inauona ukuta, inapunguza mwanga, uso unazama gizani. Lawama inaiendea ngozi. Mtoe huyo mtu mita mbili mbele ya ukuta, pima uso wake peke yake, kesi imekwisha.

Wazee wetu walikuwa na sababu nzuri zaidi ya kulalamika. Enzi za filamu, Kodak walikuwa wakizipelekea maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Rangi ya kila ngozi ililinganishwa na yake, na mweusi akatoka macho na meno tu. Malalamiko yaliyosikilizwa mapema yalikuwa ya watengeneza samani na chokoleti, ambao bidhaa zao za kahawia zilitoka zote rangi moja. Chokoleti! Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Kamera uliyonayo leo haina kisingizio hicho, wala mwenye kuishika.

Ngozi nyeusi uichukulie kama meza ya mninga iliyopigwa vanishi: umbo lake unalijua kwa mng'ao unaopita juu yake. Kwa hiyo swali ni taa iko wapi na ina ukubwa gani. Siku ile na shangazi nilikuwa na taa mbili, zote mita mbili kutoka kwa binti. Moja nikaizima. Ile yenye softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) ya sentimita 120 nikaisogeza hadi mita moja, pembeni kwa nyuzi 45 na juu kidogo ya macho, nikaishusha nguvu stopu mbili, yaani nusu na nusu tena, kwa sababu umbali ukipungua nusu mwanga unakuwa mara nne. Upande wa pili nikaegesha ubao mweupe. Mstari mmoja laini ukateremka kutoka kwenye paji hadi kwenye mfupa wa shavu, na uso ukapata umbo. Shangazi alitazama skrini, akanyamaza, kisha akauliza kama nimeshai-edit.

Wapambaji nao, nawaomba mpunguze poda. Uso uliopigwa chokaa hauna mng'ao wa kunisaidia. Tone la mafuta ya nazi kwenye mashavu na mitulinga, tishu kwenye pua, basi. Na fandesheni yenye kinga ya jua iacheni nyumbani siku ya flashi. Ikiwa na titani dioksidi au zinki oksidi, uso unaweza kutoka mweupe kuliko shingo.

Wengine husema: “Softiboksi kubwa ni laini popote.” Hapana. Isogeze hadi mita tano uone kivuli chini ya pua kinavyokatwa kama kwa wembe. Ulaini ni ukubwa wa taa kama unavyoonekana kutoka usoni mwa mtu.

“Nje kuna jua, taa za nini?” Saa sita mchana Dar, hasa Machi mwanzoni na Oktoba jua likiwa utosini, macho yanageuka mashimo. Ama piga flashi kujaza vivuli, ukiwa na shata (muda kamera inaofunguka) isiyozidi kasi ya 1/200 au 1/250 ya sekunde kwa kamera nyingi, la sivyo utapata ukanda mweusi pichani, ama tafuta mlango. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni studio ya bure. Mwanamitindo arudi hatua moja ndani ya kizingiti, atazame nje, na ukuta wa chokaa ulio mbele yake umrudishie mwanga. Chini ya mwembe usiende, utamtoa na uso wa kijani.

Ringilaiti, ile taa ya duara, ni ya kufundishia mekapu. Inampiga mtu usoni moja kwa moja, inafuta mashavu, na nyuzi za kitenge hazionekani kabisa. Ukitaka kuonyesha kitambaa, taa itoke ubavuni.

La mwisho ni la wateja wanaodhani taa nyingi ndiyo utaalamu. Picha zangu nyingi ni za taa moja. Taa nyingine zimesimama pale kwa ajili ya wanaohesabu stendi kabla ya kulipa.