Je, wajua seva isiyokuwepo hupewaje kazi?

Kubernetes ni programu ya kusimamia makontena, yaani vifurushi vya programu, kwenye kundi la seva liitwalo klasta. Fungua klasta yake yenye seva tatu, uliza orodha ya nodi, yaani seva zilizoandikishwa, na huenda ukaona nne. Ya nne, kwa wanaotumia Azure, wingu la Microsoft (seva za kukodi kupitia mtandao), huitwa virtual-node-aci-linux. Hali yake ni Ready, yaani tayari, makontena imebeba, lakini chuma chake hukioni popote. Haina prosesa wala memori yake yenyewe.

Kubernetes ni neno la Kigiriki, maana yake nahodha. Programu hiyo, ambayo Google waliitoa hadharani mwaka 2014, ndiyo huamua kontena gani liende seva gani. Ila nahodha huyu hashuki ngamani. Kila seva ina mnyapara wake, kubelet, anayepokea mzigo, kuuwasha na kutoa ripoti. Kila baada ya sekunde 10 hivi hutuma salamu: nipo, mzima. Nahodha haioni seva yenyewe. Huona ripoti tu.

Ndipo mwaka 2017 watu wa Microsoft wakaunda Virtual Kubelet, mnyapara asiye na seva. Anajiandikisha kama nodi, anatuma salamu zilezile, na akipewa podi, yaani kontena moja au zaidi yanayoendeshwa pamoja, haiwashi mwenyewe: anaagiza huduma ya wingu, mfano Azure Container Instances au AWS Fargate, iiwashe huko. Kisha anauliza hali yake na kumrudishia nahodha majibu. Ni udanganyifu, lakini wa manufaa. Tovuti ya matokeo ya mitihani hufurika siku moja tu. Kwa nini ununue seva za mwaka mzima? Mzigo uliozidi unasukumwa winguni, unalipia muda uliotumia.

Si kila podi inafaa kwenda huko. Nodi hii huwekewa alama ya kuzuia, na podi isiyo na kibali haipangiwi hapo. Programu zinazotakiwa kukaa kwenye kila mashine, kama zile za kukusanya kumbukumbu za matukio, ndizo zinazokwama: mashine yenyewe iko wapi?

Halafu kuna hili, linalowashtua wengi. Mnyapara huyu wa hewani mara nyingi naye ni podi, anaishi ndani ya mojawapo ya zile seva tatu. Seva hiyo ikizimika, salamu zinakatika. Makontena ya winguni yanaendelea kufanya kazi kama kawaida, ila nahodha anayahesabu yamepotea. Kwa mpangilio wa kawaida, baada ya dakika 5 hivi huanza kuwasha mengine kwingine, huku bili ya yale ya kwanza ikiendelea kuhesabu.