Kodi juu ya nota: dhana potofu na ukweli

Kodi ninazozisema hapa mtoza ushuru hazimhusu. Ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja, zile C, Am na G7 zinazochapwa juu ya nota ili mpiga gitaa au kinanda ajue ashike nini.

"M kubwa ni meja, m ndogo ni maina, basi."
Kwenye skrini, sawa. Lakini weka karatasi kwenye stendi, iwe fotokopi ya fotokopi, taa nayo hafifu: CM7 na Cm7 zinakuwa mapacha. Ya kwanza ni C, E, G, B. Ya pili ni C, E♭, G, B♭ (♭ ni flati, inayoshusha nota nusu toni). Nota mbili kati ya nne zimebadilika, na kosa linasikika ukumbi mzima. Andika Cmaj7 na Cm7, macho yashike neno zima badala ya kupima ukubwa wa herufi moja. Wapiga jazi wamezoea pembetatu kwa meja na kistari kwa maina. Kwao haina shida, ila kistari ndicho cha kwanza kufutika kwenye nakala mbovu, na C–7 iliyopoteza kistari inageuka C7. Hiyo nayo ni kodi nyingine kabisa, yenye E na B♭. Vivyo hivyo ø, alama ya kodi ya maina 7 yenye tano iliyoshushwa: mkato wake ukififia inabaki °, alama ya kodi nyingine. Mimi huandika Bm7(♭5), ingawa inakula nafasi.

"Mabano ni mapambo."
Soma hii: A♭5. Je, ni A♭ yenye nota ya tano tu, yaani A♭ na E♭? Au ni A meja ambayo tano yake imeshushwa, yaani A, C♯, E♭? Anayepiga hana muda wa kukuuliza. A(♭5) inamaliza ubishi. Na flati iwe ♭ yenyewe, isiwe herufi b iliyoazimwa kwenye kibodi.

"C/E maana yake chagua C au E."
Hapana. Ni kodi ya C, besi ikiwa E. Ndiyo maana C6/9 huwababaisha wanaoanza, kwa sababu mkwaju ule hautaji besi. Ni C yenye sita na tisa. Panga tarakimu hizo moja juu ya nyingine, au andika C6(9).

"Nafasi ikibana, punguza fonti."
Ukipunguza, tarakimu ndogo za juu ndizo zinazokufa kwanza. Panua kipimo (kile chumba kati ya mistari miwili ya wima), au punguza vipimo katika mstari huo. Usitatue msongamano kwa kuisukuma kodi pembeni pia: ikae juu kabisa ya pigo inapobadilikia, la sivyo mpigaji atawahi au atachelewa. Na kabla ya yote jiulize kama kila kodi ya kupita, ile fupi inayounganisha kodi mbili, inahitajika. Wapangaji wengi wa muziki (nami nimo) huandika hata zile zinazodumu nusu pigo.

"Herufi ni zilezile dunia nzima."
Kwa desturi ya Ujerumani, H ndiyo B ya Waingereza, na B ni B♭. Kwa hiyo ukipewa kitabu kilichochapwa huko, B tupu isikudanganye: ukiona H popote ndani yake, zisome B zote kama B♭.