Ramani za zamani za Mto Tana na milima ya bara: yasemwayo na yaliyo kweli

Dhana: Wazungu waliichora milima na mito ya bara kwa juhudi zao peke yao.

Si kweli, na sisi watu wa Lamu hatuna sababu ya kulikubali neno hili. Ramani ya wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, iliyotoka Ulaya mwaka 1856, ilijengwa zaidi kwa masimulizi ya wafanyabiashara wa misafara. Erhardt alikaa Tanga akiwauliza: njia ipi, mwendo wa siku ngapi, mbele kuna nini? Kweli, ramani ile ilikosea sana, kwani maziwa ya Nyanza (Viktoria), Tanganyika na Nyasa yaliunganishwa yakawa ziwa moja kubwa. Lakini wasimulizi hawakusema uongo. Kila njia yao iliishia kwenye maji, na mchoraji ndiye aliyeyaunganisha. Hata hivyo, ramani hiyo ilichangia kuwatuma wasafiri Waingereza Burton na Speke bara mwaka 1857.

Dhana: Wasomi wa Ulaya waliamini mara moja habari za theluji kwenye milima ya bara.

Hapana. Rebmann aliiona Kilimanjaro na theluji yake mwaka 1848. Mwaka uliofuata mmisionari mwenzake Krapf akauona Mlima Kenya, ambako Tana huchota sehemu kubwa ya maji yake, akiwa Ukambani kwa mwenyeji wake Kivoi. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikanusha theluji hiyo bila kufika. Ubishi ulipungua baada ya msafiri Mjerumani von der Decken na mwanajiolojia Mwingereza Thornton kwenda Kilimanjaro mwaka 1861 na kuupima mlima kwa pembe.

Dhana: Mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja kwenye ramani, ilipatikana kwa kupanda kila kilima.

Hapana. Ili kujua kimo, wasafiri wa zamani walichemsha maji na kusoma kipimajoto: kila mita 300 hivi za kupanda, maji huchemka kwa nyuzi 1 pungufu. Kontua nyingi zilikuja baada ya 1946, kutokana na picha zilizopigwa kutoka angani kwa ndege, mbilimbili zilizopandiana.

Dhana: Mto hukaa pale ramani ilipouweka.

Waulize watu wa Kipini. Katika karne ya 19 mfereji wa Belezoni ulichimbwa kuunganisha Tana na Mto Ozi ili vyombo vipite. Mto ukaufuata mfereji, na leo maji ya Tana humwagikia baharini Kipini. Kwa hiyo ukishika ramani kuukuu ya delta, tafuta mwaka uliopimwa, maana huenda ulitangulia sana ule wa kuchapishwa.