Kikokotoo si asilimia

Kaa kijiweni Moshi mjini, panda Hiace ya Kibosho, au ngoja mwili ufike kwenye msiba kule Machame: haupiti muda kabla hujasikia mtu akisema "kikokotoo sasa hivi ni asilimia arobaini." Wa pembeni yake atajibu, "Waturudishie hamsini yetu, yaishe." Nimesikia hivyo kwa walimu, kwa manesi, hata kwa viongozi wa wafanyakazi wakiwa wameshika kipaza sauti. Hawa ni watu wenye madai ya haki, na ndiyo maana inaniuma kuona wanadai kipande tu cha wanachostahili kudai.

Kikokotoo ni kanuni inayotumika kupata mafao ya mstaafu: mkupuo wa siku ya kwanza na pensheni ya kila mwezi. Ndani yake mna mshahara unaopigiwa hesabu, miezi uliyochangia, sehemu inayozidishwa kwa miezi hiyo (leo ni 1/580), asilimia inayokwenda kwenye mkupuo, na 12.5 inayozidishwa ili mkupuo upatikane. Asilimia ni kipande kimoja tu cha mashine hiyo.

Tuchukue mwalimu aliyechangia miaka 29, yaani miezi 348, na wastani wa mshahara wake bora wa miaka mitatu ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 12,000,000. Zidisha kwa 348, gawanya kwa 580, unapata 7,200,000. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka, sawa na 600,000 kwa mwezi. Mpaka hapa hakuna aliyetaja asilimia.

Sasa asilimia inaingia, na kazi yake ni kugawa hiyo 600,000. Kwa 33, mwalimu anachukua mkupuo wa 29,700,000 (asilimia 33 ya ile 7,200,000, mara 12.5) na kila mwezi 402,000. Kwa 40, mkupuo unapanda hadi 36,000,000 na pensheni inashuka hadi 360,000. Ameongezewa 6,300,000 mkononi, amepunguziwa 42,000 kila mwezi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: miezi 150, ambayo ni miaka 12 na nusu. Yaani mkupuo si zawadi inayokaa kando ya pensheni. Ni pensheni yako mwenyewe uliyoiuza mapema, na bei yake ni miaka 12 na nusu ya kile kipande ulichouza.

Hiyo 12.5 nayo imezua maneno. Wapo wanaosema Serikali imeshaamua mstaafu wa miaka 60 afe akiwa na 72 na nusu, na pensheni ikome hapo. Sivyo. Pensheni ya mwezi inalipwa mpaka mwisho wa maisha yako, hata ukifikisha 95. Namba hiyo ni kipimo cha kununulia mkupuo tu. Lakini ni kipimo chenye uzito, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kabla ya mabadiliko, watumishi waliokuwa kwenye mifuko ya pensheni ya PSPF (ya watumishi wa umma) na LAPF (ya serikali za mitaa) walikokotolewa kwa 1/540, wakazidishiwa 15.5, na mkupuo wao ulikuwa asilimia 50. Mwaka 2018 sheria ikaunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF kwa ajili ya utumishi wa umma, NSSF ikabaki na sekta binafsi. Kanuni za mwaka huo zikashusha mkupuo hadi asilimia 25. Kelele zikawa kubwa, na Desemba 2018 Rais John Magufuli akazisitisha, akaagiza kila mfuko uendelee na kikokotoo chake cha zamani. Julai 2022 ikaja kanuni moja kwa wote: 33, 1/580 na 12.5. Juni 2024 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, akatangaza bungeni kwamba waliokuwa kwenye kundi la 50 wapande kutoka 33 hadi 40, na waliokuwa kwenye kundi la 25, yaani wale ambao zamani mkupuo wao ulikuwa asilimia 25, kama wa NSSF, wafike 35.

Angalia kilichopanda na kilichobaki. Asilimia ilipanda. Ile 1/580 ilibaki. Ile 12.5 ilibaki.

Mrudishe mwalimu wetu kwenye kanuni ya PSPF, mshahara ule ule wa milioni moja. Pensheni kamili inakuwa kama 644,400 kwa mwezi badala ya 600,000. Nusu ya pensheni hiyo kwa mwaka inazidishwa kwa 15.5: mkupuo unakaribia 60,000,000, na pensheni ya mwezi ni kama 322,000. Sasa mpe kile anachodai kijiweni, asilimia 50 peke yake, mengine yabaki ya leo. Anapata mkupuo wa 45,000,000 na 300,000 kwa mwezi. Amepewa "hamsini yake" yote, na bado karibu milioni 15 hazipo, na kila mwezi kuna kama 22,000 ambazo hazipo.

Nilimpigia hesabu hii mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu wa Majengo, nyuma ya bahasha ya kaki aliyokuja nayo. Alikaa akiitazama ile 540 na ile 580, akaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunapigania namba ya mwisho?" Nikamwambia, ndiyo mwalimu, na waliokuwa upande wa pili wa meza ya mazungumzo walifurahi kuijadili hiyo kwa sababu haina gharama kubwa kama zile nyingine.

Sisemi 540 irudi kesho. PSPF ilianza 1999 na ikabeba watumishi ambao kabla ya hapo hawakuwa wamechangia. Mzigo huo ulikuwa wa kweli na mfuko uliyumba. Inawezekana kabisa kwamba 1/580 ndiyo tunayoimudu. Basi hilo lijadiliwe kwa jina lake. Na mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha TPC aliye NSSF, ambaye zamani alikuwa kwenye 25, anapokaa meza moja na mwalimu wa Kibosho wakilalamikia "kikokotoo," waelewane kwanza: kwa mmoja mkupuo umepanda, kwa mwingine umeshuka.

Kwa hiyo ndugu yangu, safari nyingine ukisikia kikokotoo kimepanda, uliza kwa upole: ni asilimia tu, au na ile 580 imeguswa?