Kuzaliwa, kibali na visa: maneno ya zamani kuhusu Ulaya na sheria za sasa

Ushauri mwingi kuhusu Ulaya unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp haukutungwa na mtu. Uliwahi kuwa kweli, ila katika nchi fulani na miaka fulani. Sheria zikabadilishwa, ushauri ukabaki, na watu wetu bado wanaufuata hadi wanapofika mbele ya ofisa wa uhamiaji.

“Mtoto akizaliwa huko, tayari ni raia”

Hili linaniuma kuliko mengine, kwa sababu wapo wanaokopa nauli kwa ajili yake. Uingereza kanuni hiyo ilikuwepo hadi mwisho wa mwaka 1982. Kuanzia 1 Januari 1983, mtoto huzaliwa Mwingereza ikiwa angalau mzazi mmoja ni raia au ana haki ya kuishi nchini humo bila kikomo. Ireland iliendelea na utaratibu wa zamani hadi wananchi wake walipopiga kura ya maoni Juni 2004 na kuubadilisha. Sheria mpya ikaanza Januari 2005. Leo hakuna nchi hata moja ya Umoja wa Ulaya inayompa kila mtoto uraia kwa sababu tu kazaliwa pale. Kinga iliyopo ni kwa watoto ambao vinginevyo wangekosa uraia wowote.

Chukua mama kutoka Mombasa anayesoma Hamburg kwa kibali cha mwanafunzi, na baba wa mtoto naye ni mwanafunzi Mkenya. Mtoto akizaliwa, ofisi ya vizazi itatoa cheti cha kuzaliwa cha Kijerumani, na hapo ndipo wengi hufikiri kazi imekwisha. Cheti kile kinathibitisha mahali alipozaliwa, basi. Mtoto ni Mkenya kupitia wazazi wake, anahitaji pasipoti ya Kenya, na anahitaji kibali chake mwenyewe cha kuishi Ujerumani. Angezaliwa Mjerumani kama mzazi mmoja angekuwa ameishi pale kihalali miaka 5 na ana haki ya ukaazi wa kudumu. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 2000, wakati huo ikidai miaka 8.

Ufaransa nayo ina yake. Mtoto wa wageni aliyezaliwa huko hupata uraia akitimiza miaka 18, mradi bado anaishi Ufaransa na ameishi huko jumla ya miaka 5 tangu alipokuwa na umri wa miaka 11.

“Ukichukua uraia wa Ujerumani lazima uukane wa kwenu”

Kwa Mwafrika Mashariki ilikuwa hivyo, isipokuwa kwa wachache. Tangu 27 Juni 2024 Ujerumani haidai tena. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya 2010, kwa hiyo Mkenya anaweza kubaki na pasipoti zote mbili. Mtanzania bado ana kizuizi, lakini kizuizi hicho kiko kwenye sheria ya Tanzania: mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, anapoteza wa Tanzania. Afanye uamuzi akilijua hilo.

Na wanaosambaza ile habari ya uraia wa Ujerumani baada ya miaka 3 kwa waliojitahidi zaidi, njia hiyo ilifutwa Oktoba 2025. Haikudumu hata mwaka mmoja na nusu.

“Kibali cha nchi moja, Ulaya nzima ni yako”

Mwaka 1985 nchi 5 zilitia saini makubaliano ya kuondoa ukaguzi mipakani, ndani ya meli kwenye mto Moselle, katika kijiji cha Schengen huko Luxembourg. Kilichoondolewa ni ukaguzi wa mpakani. Soko la ajira halikufunguliwa kwa kila mwenye kibali. Ukiwa na kibali cha Ujerumani unaweza kutembelea Ufaransa au Italia hadi siku 90 katika kila siku 180, lakini huruhusiwi kwenda kuajiriwa huko hivi hivi. Haki ya kuhama na kufanya kazi popote ni ya raia wa nchi za Umoja na familia zao.

Tena miduara hii haifanani. Eneo la Schengen lina nchi 29. Uswisi na Norway zimo, ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ireland ni mwanachama na inatumia euro, lakini haimo Schengen, kwa hiyo visa ya Schengen haikufikishi Dublin.

Kwa mgeni mwenye visa ya muda mfupi, ambaye naye ana siku hizo 90, kuna imani kwamba ukitoka siku moja na kurudi, hesabu inaanza upya. Haianzi. Ukiingia 1 Machi na kutoka 29 Mei, umemaliza siku zote 90, maana siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Huwezi kurudi kabla ya 28 Agosti. Zamani ofisa alihesabu kwa kuangalia mihuri. Tangu 12 Oktoba 2025 umeanza kutumika mfumo unaochukua picha ya uso na alama za vidole na kuhesabu wenyewe.

“Uingereza ilishatoka, mahakama ya Ulaya haiigusi tena”

Mahakama ni mbili. Ya Umoja wa Ulaya iko Luxembourg, na hiyo ndiyo Uingereza iliyoachana nayo. Mahakama ya Haki za Binadamu iko Strasbourg chini ya Baraza la Ulaya, chombo tofauti chenye wanachama 46, na Uingereza bado imo. Warwanda wanalikumbuka hili. Usiku wa 14 Juni 2022 ndege ya kwanza ya kupeleka waomba hifadhi Kigali ilikuwa tayari kuondoka, amri ya Strasbourg ikafika, na haikuruka. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Juu ya Uingereza yenyewe ikasema mpango ule ni kinyume cha sheria. Serikali iliyoingia Julai 2024 ikaufuta.

“Kima cha chini cha mshahara ni kimoja Ulaya nzima”

Hapana. Ujerumani yenyewe haikuwa na kima cha kitaifa hadi 2015, ilipoanza na euro 8.50 kwa saa. Tangu Januari 2026 ni euro 13.90. Denmark, Sweden na Italia hazina kima cha kisheria kabisa. Huko mishahara hupangwa kwa mikataba kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, sekta kwa sekta. Aliyepata ofa ya kazi ya usafi Stockholm aulize kabla ya kusaini: je, mwajiri huyu yumo kwenye mkataba wa sekta yake? Kama hayumo, mshahara ulioandikwa kwenye ofa ni wa kujadiliana, na hakuna kiwango cha serikali cha kuuinua.